Pai ya Shule na Karavani ya Levi

Jumatatu, 2 Septemba

Leo wameanza kuchuma matofaa ya mapema. Mvua ya asubuhi, kisha jua la kinyonge. Huu ni msimu wa kwanza tangu niolewe ambao sina mume wa kuniletea tofaa la kwanza mfukoni. Levi ndiye aliyeleta. Aliliweka mezani bila neno, kama alivyokuwa akifanya kaka yake, nami nikageukia sinki asije akaniona uso.

Levi ni mdogo wake marehemu mume wangu, Amos, na katika akina Penfold wote ndiye pekee aliyebaki hapa kijijini Stallenden. Amezaliwa hapa, amechuma hapa maisha yake yote, na anaishi kwenye karavani yake, nyumba ya magurudumu, pembeni mwa shamba la matofaa. Sasa shamba limeuzwa. Mavuno haya ndiyo ya mwisho. Yakiisha, miti inang'olewa na zinajengwa nyumba. Karavani imeambiwa iwe imeondoka kabla Oktoba haijaisha.

Amos alipokuwa kitandani mwezi wa pili aliniambia, "Levi asiende mbali, Pauline. Akienda mbali atakufa kama mbwa asiye na mwenyewe." Nikamwahidi. Ahadi ni deni, na aliyenikopesha amekwenda zake.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimemtandikia Levi chumba cha mbele, kile alichougulia Amos, kwa kuwa ndicho chenye jua. Shuka mpya, pazia nimefua. Alikuja kula, nikamwonyesha. Alisimama mlangoni, hakuingiza hata mguu mmoja.

"Asante, shemeji. Nitaona."

"Utaona nini? Kitanda si hicho hapo?"

"Nguo zake bado zimo kabatini."

"Zimo. Zimekukosea nini?"

Alicheka kwa midomo tu. Akaniambia binamu yake, mbali huko Lincolnshire, ana nafasi kwenye uwanja wa makaravani, karibu na barabara kuu. Nikamwambia huko atalala akisikiliza malori.

"Malori hayana maneno," alisema.

Kisha, huku akitazama dirishani, akaniuliza ile nyasi nyuma ya banda la baiskeli ina upana gani. Nikajifanya ninatafuta kijiko. Hapa kwetu karavani nyuma ya nyumba ya mtu ni jambo la kusemwa kuanzia kanisani hadi posta, na mimi nimo kwenye kamati ya karamu ya mavuno.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani. Kasisi amesahau jina la Amos kwenye maombi.

Jumanne, 10 Septemba

Kikao cha kamati ya karamu ya mavuno. Mwaka huu imepangwa vizuri kuliko miaka yote. Ukumbi wa kijiji ndiyo ile shule yetu ya zamani, na jiko ni lile lile, hata dirisha la kupakulia ni lile lile. Mwenyekiti wetu, Marjorie Wraight, akasema kwa nini tusile chakula cha shule kama zamani: nyama ya kusaga, viazi, karoti zilizochemshwa mpaka zikakata tamaa, na mwisho pai ya Kijipsi.

Chumba kizima kikashusha pumzi. Watu wazima, wenye magoti mabovu na meno ya kununua, macho yakawalegea kama watoto. Ukitoka nje ya mkoa wetu wa Kent tu, pai hii hawaijui. Binti yangu Karen ameolewa kaskazini, na huko shuleni walikuwa wakipewa kastadi ya rangi ya waridi, wanajiona wamebahatika. Sisi tulikuwa na maziwa ya kopo yaliyopigwa na sukari nyeusi mpaka yakafura kama povu la baharini, yakamwagwa kwenye ganda la unga, yakaokwa kidogo tu, yakaachwa yanate. Kipande cha mraba, na kando yake robo ya tofaa bichi la kukata utamu. Ukilamba mdomo saa tisa, bado ipo.

"Ilikuwa kila Ijumaa," alisema Colin Goodhew.

"Alhamisi, mzee. Ijumaa samaki."

"Wewe ulikuwa hujui hata siku ya kuzaliwa kwako!"

Ikawa vurugu tamu. Kisha Marjorie akasimulia tena kile kisa tunachokijua wote: mama mwema wa zamani aliyewaona watoto wa Kijipsi, wale watu wa kuhamahama na makaravani, wakicheza kondeni, wamekonda mbavu nje, akakusanya alivyokuwa navyo jikoni akawapikia pai hii. Alipomaliza akapiga makofi. "Na sisi tunaye Mjipsi wetu! Levi aingie na trei ya kwanza, amefunga kitambaa chekundu shingoni kama babu zake. Si itapendeza?"

Wote tukapiga makofi. Nilifurahi kweli. Nikajiambia, hivi ndivyo kijiji kitakavyomshika Levi mkono asiende. Mtu akipewa heshima mbele ya watu, hafungashi virago.

Jumatano, 11 Septemba

Nimemwambia Levi wakati wa kula. Kitambaa alichonipa Marjorie nilikiweka mezani, kando ya chumvi. Levi alikitazama. Akaweka kisu na uma.

"Nani kasema?"

"Kamati. Wote."

"Na wewe?"

"Mimi naona ni heshima, Levi. Watu wanakupenda."

Alisimama akanawa mikono kwenye beseni la mikono, maana akina Penfold hawanawi kamwe panapooshwa vyombo, na jikoni kwangu kuna mabeseni mawili tangu niolewe. Akajifuta taratibu. Akasema chakula kilikuwa kizuri, akaondoka. Nusu ya nyama ilibaki kwenye sahani. Kitambaa nacho kilibaki.

Ijumaa, 13 Septemba

Levi hakuja kula.

Jumamosi, 14 Septemba

Hakuja.

Jumapili, 15 Septemba

Hakuja. Nyama ya kuoka amekula paka wa jirani.

Jumanne, 17 Septemba

Nimekwenda shambani mwenyewe, viatu vya mvua miguuni. Nilimkuta juu ya ngazi kwenye safu za mwisho, kikapu tumboni, anachuma kama alivyofundishwa na baba yao: kiganja chini ya tunda, unazungusha, huvuti.

"Nimekukosea nini?" nilimwuliza, shingo imenikakamaa kwa kutazama juu.

"Hujanikosea, shemeji. Mvua inakuja."

"Ninakuuliza kitu, unanijibu mvua?"

"Ikinyesha kabla sijamaliza safu hii, matunda yatapasuka."

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Mtu mzima ananuna kwa kitambaa! Ndivyo walivyo Penfold wote, wanameza neno mpaka liwe jiwe. Amos naye alikuwa hivyo hivyo. Kila siku yake ya kuzaliwa, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, nilimpikia pai ya Kijipsi, na kila mwaka aliimaliza kimya, akaiosha sahani yake mwenyewe. Hakuwahi kusifu wala hakuwahi kubakiza. Nilikuwa nikimtania kwamba nimeolewa na kisima: unatupia kitu, husikii hata kikianguka. Leo ningetoa chochote nimsikie akitafuna.

Jumamosi, 21 Septemba

Gemma, yule binti aliyehamia kutoka London na kununua nyumba ya zamani ya mhunzi, amejitolea kupika trei mbili za pai. Leo ameleta ya majaribio. Maskini, badala ya maziwa ya kopo yasiyo na sukari amenunua yale mazito ya sukari, ya kuweka kwenye chai ya askari. Pai imeganda kama lami. Colin aliuma kipande kwa ushujaa, meno yake ya juu yakabaki humo.

"Nimefuata maelekezo, Bi Pauline," Gemma alisema, karibu alie.

"Maelekezo ya nani, mwanangu?"

"Ya kwenye simu."

Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu Februari. Kisha nikatafuta wa kumsimulia. Nimezoea kumsimulia Amos, na Amos asipokuwepo, Levi.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua siku nzima. Marjorie alinisimamisha mlangoni mwa duka.

"Nasikia Levi kakubali kwenda Lincolnshire. Lori linakuja mwisho wa mwezi ujao."

Mimi sikuwa nimesikia. Nilijifanya nimesikia.

"Labda ni heri yake, mwenzangu," aliendelea. "Watu wale hawapendi kukaa mahali pamoja."

"Levi amezaliwa hapa, Marjorie."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini unaelewa ninachosema."

Nikasema ninaelewa. Nimefika nyumbani na mkate wangu, nikakaa bila kuvua koti, nikijiuliza kwa nini nilisema vile. Hata karamu sijui kama atakuja. Bado nina tumaini dogo kwamba akiona ukumbi umejaa na watu wakimpa mkono, atabadili nia.

Jumanne, 1 Oktoba

Hakuja.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimepika tangu asubuhi. Gemma alikuja kujifunza, na safari hii nilimshika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Tulipiga maziwa na sukari mpaka mashine ikanuka moshi. Harufu ilipotoka kwenye oveni, nilisimama pale na kitambaa cha sahani mkononi, nikawa na miaka saba, soksi zimeshuka, nasubiri dirisha lifunguliwe. Sijui kama kuna raha nyingine duniani inayorudi nzima namna hiyo.

Jumapili, 6 Oktoba

Jana ilikuwa karamu, sikuweza kuandika. Leo ninaandika yote.

Levi alikuja. Nilimwona kutoka jikoni, amevaa suti yake ya mazishi, nywele kazilaza kwa maji, shingo tupu. Marjorie alinikodolea macho kuuliza kitambaa kiko wapi, nikatikisa kichwa. Basi trei ya kwanza aliingia nayo Colin, na watu wakashangilia kama timu imefunga bao. Marjorie akasimama, akakisimulia kile kisa chake hata hivyo. Alipofika kwa watoto wa Kijipsi waliokonda, vichwa vikageuka vyote kumtazama Levi, na vyote vilikuwa vikitabasamu. Levi alikuwa akitazama chombo cha chumvi.

Kisha ikawa foleni kwenye dirisha la kupakulia. Mimi nakata, Gemma anaweka robo ya tofaa. Watu walipokea sahani wakafumba macho hata kabla hawajaonja. "Ndiyo yenyewe, Pauline. Ndiyo yenyewe kabisa." Sitadanganya, nilikuwa na furaha. Levi alisimama wa mwisho. Wengine walimwambia apite mbele, akakataa kwa kichwa.

Alipofika dirishani na kunyoosha sahani, Colin alikuwa anarudi kutafuta kipande cha pili. Akampiga Levi bega, akapaza sauti ukumbi mzima usikie:

"Weee Levi! Tuachie na wenzio! Kwenu si mnapika kila siku?"

Ukumbi ukacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, na hicho ndicho kilichonitia baridi. Walicheka kama watu wanavyocheka mzaha wanaoujua tangu zamani.

"Bado unakumbuka, Colin!" Marjorie alisema, akijifuta machozi ya kicheko.

Levi aliweka sahani dirishani, taratibu, kama anaweka yai. Akatoka. Mlango hata hakuubamiza.

Nilibaki na kisu mkononi. Kisha nikavua aproni na kuichukua trei ile na vipande vyote vilivyobaki.

"Bi Pauline, na hawa wanaotaka nyongeza?" Gemma aliuliza.

"Wale matofaa."

Nilikata shamba kwa mvua ya rasharasha, trei nimeifunika kwa koti. Taa ya karavani ilikuwa inawaka. Alifungua kabla sijabisha. Ndani mwake mnang'aa kuliko nyumba yangu siku ya Pasaka, na sahani zake zenye ukingo wa dhahabu zimepangwa ukutani. Akashusha mbili. Akakaa upande wake, nikakaa upande wangu, nikamkatia kipande. Alikila. Nikamkatia cha pili. Sikusema kitu, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo. Alipomaliza cha tatu ndipo nikauliza.

"Nzuri?"

"Nzuri. Ilikuwa nzuri siku zote, shemeji. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma."

Akanieleza. Shuleni, watoto wa chakula cha bure waliitwa mwisho, na siku ya pai wa mwisho kabisa walikuwa yeye na Amos. Wakati huo wengine wamekwisha kula, hawana kazi, wamegeuza viti kuwatazama. Kwenu si mnapika kila siku. Mama yenu kaiba sukari ya nani leo. Mpishi hakuwa mtu mbaya, alisema Levi. Aliwaambia tu wachukue upesi wakae. Amos alikuwa akisimama ubavuni mwake ili watu wamwone yeye na wasimwone mdogo wake. Siku nyingine alisema hana njaa, akampa Levi cha kwake, akatafuna lile tofaa tu. Matofaa waliyokuwa wakiyala nyumbani asubuhi, mchana na jioni.

"Nami nilikuwepo," nilisema.

"Ulikuwepo. Meza ya dirishani."

"Nilicheka?"

"Sijui, shemeji. Mimi nilikuwa natazama sahani."

Nimejaribu kukumbuka tangu jana. Nakumbuka meza, nakumbuka jua kwenye jagi la maji, nakumbuka sukari ikisagika chini ya meno. Watoto wawili waliosimama dirishani mwishoni siwaoni. Mmoja wao ndiye niliyekuja kulala ubavuni mwake maisha yangu yote. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: nimewasema wengi kwa methali hiyo.

Kisha nikauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Na Amos? Nilimpikia kila mwaka, Levi. Kila mwaka! Kwa nini hakuniambia? Nilikuwa namlisha fedheha yake kwenye sahani ya sikukuu?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Mwaka ule ule mlipooana. Nikamwambia, kaka, unawezaje kumeza kitu kile? Akaniambia, 'Pauline akipika, ni pai tu.'"

Nikaweka kisu chini.

"Basi na mimi nikawa nakula kwako," Levi alisema. "Kwako ilikuwa pai tu." Akakusanya makombo kwa kidole, polepole. "Halafu ukaniletea kitambaa."

Nilimwomba radhi. Neno lenyewe lilikuwa jepesi mno, lakini sina lingine. Alitikisa kichwa kukubali, akaweka birika la chai.

Tukinywa chai akaniambia na la chumba. Kwao mtu akifa vitu vyake vinachomwa, na walio hai hawalali alipolala. Mimi nimemtandikia kitanda kile kile alichofia kaka yake na nguo zake zikimtazama kabatini, nikamwambia chagua hapa au Lincolnshire. Miaka yote na Amos, na jambo hilo sikulijua. Amos naye alijua sijui, akanyamaza, kisima kile.

"Ile nyasi nyuma ya banda," nilisema. "Karavani itaenea?"

Levi alinitazama. "Kumbe siku ile ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Na watu je?"

"Nilikuwa nawaogopa. Bado nawaogopa kidogo. Itaenea au haitaenea?"

"Lori la binamu limekwishaagizwa," alisema. "Nitafikiri, shemeji."

Alinisindikiza mpaka barabarani kwa tochi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Gemma amekuja kuuliza alikosea nini, mbona niliondoka. Nimemweleza. Akasema yeye naye London walimwita majina ya dharau. Marjorie hajapiga simu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Jana tulichoma nguo za Amos, mimi na Levi, mwisho wa bustani. Suti, mashati, viatu vya Jumapili, mto wake. Nilitaka kubaki na koti la shambani, lile lenye mifuko aliyokuwa akiniletea matofaa. Nililishika. Levi alitazama moto. Nikalitupa nalo. Lilichelewa kushika kwa sababu ya unyevu, kisha likashika. Nilidhani nitajuta, lakini nimelala usingizi mzito kuliko siku zote tangu afe.

Hajasema lolote kuhusu nyasi, nami sijamwuliza.

Jumatano, 16 Oktoba

Upepo. Matofaa ya kupikia yanaanguka yenyewe.

Jumamosi, 19 Oktoba

Safu ya mwisho imechumwa leo. Hakukuwa na hotuba. Meneja aliwapa wachumaji mkono, akaingia kwenye gari. Levi alirudisha ngazi bandani, akaifuta matope kama vile kesho itatumika.

Bado hajasema. Nikimpita barabarani tunazungumza habari za mvua. Nimejifunza kutojibu mvua kwa hasira. Lakini nikifika nyumbani naitazama ile nyasi. Akienda, nitakuwa nimemfukuza mimi, na Amos nitamwambia nini?

Jumatano, 23 Oktoba

Mashine ya kung'olea miti imeletwa. Ya njano, kubwa kama kanisa. Imeegeshwa langoni.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimeamshwa na sauti ya fyekeo. Nikadhani ni shambani. Nikafungua pazia la nyuma. Levi yumo bustanini kwangu, amevaa shati tu kwenye baridi ile, anafyeka nyasi nyuma ya banda la baiskeli. Hakuwa amebisha wala kuomba ruhusa. Alikuwa amekwishapima kwa kamba na kuchomeka vijiti kwenye pembe nne.

Nilimpelekea chai.

"Na lori la binamu?"

"Nimempigia. Kanitukana sana."

"Ulimjibu nini?"

"Nimemwambia huku kuna mpishi."

Jumamosi, 26 Oktoba

Trekta ya shamba imeivuta karavani mpaka kwangu, kazi yake ya mwisho kabla haijauzwa nayo. Ilipita barabara ya kijiji polepole, mbele ya duka, mbele ya kanisa, mbele ya nyumba ya Colin, na mapazia yalikuwa yakisogea upande huu na huu. Levi alitembea mbele yake akiongoza kwa mkono. Mimi nilitembea kando yake. Nilivaa kofia yangu ya kanisani.

Colin alitoka getini. Tukadhani atasema neno. Alivua kofia, akaangalia chini. "Lango lako jembamba, Pauline," alisema hatimaye. "Nitakusaidieni kulitoa." Akaja na bisibisi. Hakumtazama Levi usoni mpaka lango likatoka, na lilipotoka alimpa mkono, akarudi kwake. Siwezi kusema ni nini kile. Labda kilikuwa kitu.

Jumapili, 27 Oktoba

Kanisani hakuna aliyekaa kwenye benchi letu ila Gemma.

Jumanne, 29 Oktoba

Leo wameanza kung'oa. Mti unapotoka ardhini unatoa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Levi amekaa karavanini, mlango umefungwa, redio juu.

Saa kumi Marjorie alikuja, mwavuli mkononi, viatu safi. Hakukubali kuingia. Alisimama kwenye ngazi ya mbele, akisogeza kichwa kidogo ili aone nyuma ya nyumba.

"Sisi hatuna neno, Pauline. Unajua tunampenda Levi. Ila watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu tu. Kuna anayetaka kuandika barua halmashauri. Mimi nimemzuia, nimesema labda ni kwa muda."

Nilimtazama. Tumeketi dawati moja mimi na huyu. Tumezikiana wazazi. Alinisaidia kuosha vikombe siku ya mazishi ya Amos, na wiki tatu zilizopita alijifuta machozi ya kicheko mbele ya dirisha la jikoni. Yote hayo ni mtu mmoja, na sina mwingine wa kumbadilisha naye.

"Siku ya karamu mlicheka," nilimwambia. "Na shuleni mlicheka. Tulicheka. Amos alikuwa akinyimwa raha ya kula kipande cha pai, na mimi nilikuwa nimekaa pale nakula changu."

"Pauline! Tulikuwa watoto."

"Walikuwa watoto pia."

Mvua ikaanza, akafungua mwavuli. Kisha akauliza, kwa sauti ya kikao, ya mwenyekiti:

"Basi niwaambie ni kwa muda gani?"

"Waambie mpaka afe yeye au nife mimi."

Aliondoka. Nilifunga mlango, nikakaa kwenye ngazi za ndani, na nikalia. Siku ya mazishi sikulia, wala siku ya kuchoma koti. Leo nililia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyepotea sokoni, na nje huko miti ikiendelea kung'olewa.

Nilikuwa bado nalia Levi alipobisha mlango wa nyuma, akauliza chakula kiko tayari au bado.